Meza ya kula nini?

Wale mliowahi kufika kwetu mmeiona ile meza. Ina mstari mwekundu unaopita karibu urefu wake wote, na hakuna mgeni asiyeuliza. Mmoja alidhani tumechinjia kuku juu yake. Si damu, ni mawese. Nitaeleza yalifikaje hapo, ila inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye mwembe.

Baba na Mama walivuka ziwa mwishoni mwa 1996 wakitokea upande wa Baraka. Walishukia Kigoma, baadaye wakaletwa hapa Nyarugusu. Kambi ilikuwa ndiyo inaanza, na wazee wanasema palikuwa msitu mtupu. Njiani Mama alikula embe, akalifunga kokwa kwenye kona ya kitenge, na walipopewa sehemu ya kusimamisha hema akalipanda nyuma yake. Baba akamcheka. "Mwembe wa nini? Tutarudi kabla haujazaa."

Mimi nimezaliwa mwaka 2000. Nilipoanza darasa la kwanza tulikuwa tayari tunarushia mawe maembe yake.

Mwembe huo ulianguka usiku mmoja wa Desemba 2022, mvua na upepo vikiwa pamoja. Uling'oka na mizizi yake, ukalalia jiko la jirani yetu. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Kulipopambazuka watu walishafika na mapanga. Nyinyi mnaofanya kazi na mashirika mnajua neno kuni, mnaliandika kwenye ripoti, lakini labda hamjawahi kulibeba. Hapa kwetu mti ukianguka ni kama ng'ombe ameanguka, kila mtu anataka nyama. Jirani alikuwa na haki yake, maana jiko lake limevunjika. Dada zangu walitaka, majirani walitaka, na Baba mwenyewe alishapiga hesabu kwamba gogo peke yake ni kuni za miezi mitatu.

Mama akatoka ndani, akakaa juu ya gogo. Yaani akakaa kabisa, na kitenge chake cha asubuhi, na mvua bado inanyunya. Akasema, "Matawi chukueni yote. Gogo liacheni."

Baba akamuuliza anataka kulifanyia nini. Hakujibu. Hapo ndipo mimi nikafungua mdomo, nikasema nitatengeneza meza. Sijui kwa nini nilisema vile. Sikuwa nimewahi kutengeneza hata kigoda. Nadhani ni kwa sababu ya ile hadithi ya Mama ambayo tumeisikia tangu utotoni, kwamba siku waliyokimbia walikuwa wamekaa mezani, ugali na ndagala viko kwenye sahani, na sahani zikabaki vile vile. Akisimulia hafiki kamwe kwenye habari za risasi. Anasimulia sahani. Tulikuwa na meza, anasema, ya watu kumi.

Baada ya kiongozi wa kijiji kukubali, tuliwatafuta wapasuaji wawili wenye msumeno mrefu, ule wa kushikwa na watu wawili, mmoja juu mmoja chini. Pesa hatukuwa nayo. Tukapatana kwamba katika kila mbao nne wao wanachukua moja, na jirani naye akapata yake kwa ajili ya jiko. Sisi tukabaki na mbao sita za inchi moja na nusu, upana wa inchi nane hivi, na vipande viwili vinene vya kutolea miguu.

Aliyenisukuma tupasue haraka alikuwa fundi mmoja Mrundi wa zoni ya jirani. Alipita tu, akaliona gogo, akasimama. "Mwembe hausubiri," akasema. "Ukiuacha mwezi mzima na gome lake, dudu wataingia, na ubao utafanya madoa meusi. Pasueni wiki hii."

Hapa lazima niseme ukweli wangu mmoja. Mimi sikuwa nawapenda Warundi. Walipoanza kuja kwa wingi mwaka 2015 nilikuwa na miaka 15, na nilichoona mimi ni foleni tu. Foleni ya maji ikawa ndefu mara mbili, foleni ya mgao ikawa ndefu, darasa likajaa. Nilisema maneno mengi ambayo leo sitayaandika. Kwa hiyo yule mzee aliposema "njoo Jumamosi nikufundishe" nilijiuliza anataka nini kwangu. Alitaka mtu wa kumshikia mbao wakati anapasua. Mgongo wake ulikuwa umechoka. Hilo tu. Tukakubaliana hivyo: Jumamosi mimi namshikia, namranda, namfagilia karakana, na yeye ananionyesha kazi. Nilimwita Mzee, yeye akaniita mwanangu, na kila nilipoharakisha alisema "buhorobuhoro", ambayo kwa Kirundi ni polepole.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kusubiri, na kwa kweli ndilo lilinishinda zaidi. Ubao mbichi una maji mengi ndani. Ukitengeneza meza na ubao mbichi, utakauka ukiwa tayari ni meza, na ukikauka unapungua na kujipinda. Kwa hiyo tulizipanga mbao juu ya matofali zisiguse ardhi, kati ya ubao na ubao tukaweka vijiti vya unene mmoja, vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, ili upepo upite. Juu tukafunika na turubai bovu, pembeni tukaacha wazi. Kwenye vichwa vya mbao tulipaka rangi iliyobaki kwenye kopo, maana maji hukimbilia kutokea pale kichwani, na ubao unapasuka kuanzia huko. Mzee alisema ingefaa mwaka mmoja au zaidi. Sisi tulisubiri miezi saba.

Katika miezi hiyo saba ndipo mambo yakabadilika. Mnakumbuka katikati ya 2023, mgao wa chakula ulipofika nusu. Sisi nyumbani tuko tisa.

Siku moja jioni Baba alinikuta nazigeuza mbao zangu. Akasimama muda mrefu. Akasema, "Kijana, hii meza iko ya kula nini?"

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Sikuwa na jibu. Hata kwenye kazi yangu ya kujitolea mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo meza ni mradi wa kujipatia kipato. Nikasema hapana, ni ya nyumbani. Akafunga daftari lake. Baba na yule mgeni waliuliza kitu kile kile, kila mmoja kwa lugha yake. Niliacha. Wiki mbili sikwenda kwa Mzee, na nilianza kufikiria kuziuza zile mbao.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinatokea ndani ya nyumba, maana hili watu hawalisemi. Zamani tulikuwa tunakula sinia moja, mkekani. Chakula kilipopungua, sinia moja ikawa vita. Mwenye mkono wa haraka ndiye anashiba, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Mama akaanza kugawa, kila mtu sahani yake. Sasa ukigawa, watu wanapimana kwa macho. Huyu kapewa kubwa, yule kapata ukoko. Basi kila mtu akichukua sahani yake anatoka nayo. Mmoja nyuma ya nyumba, mwingine kitandani, Baba mlangoni juu ya ndoo. Mimi nilikuwa nakula nimesimama karibu na lile rundo la mbao. Hatukugombana. Tuliacha tu kuonana wakati wa kula. Na Mama, mtaamini, hakuna aliyejua anakula saa ngapi.

Aliporudi kutoka kisimani siku moja akaniuliza mbona siendi tena kwa fundi. Nikamwambia maneno ya Baba. Akatua ndoo. "Nataka niwaone wote," akasema. Akabeba ndoo akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi.

Sasa vipimo, kwa wale watakaotaka kujaribu. Mtu mmoja akikaa kula anahitaji kama futi mbili za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Meza ya futi 6 inaweka watatu kila upande, jumla sita, na mmoja kila kichwa, wanane. Wa tisa ni yule mdogo, anakaa kwa Mama. Urefu kutoka chini ni inchi 30. Upana tulipata inchi 30 kwa kuunganisha mbao nne, baada ya kuziranda na kunyoosha kingo. Kunyoosha ukingo ni kazi ya siku mbili, msidanganyane. Unaweka ubao mmoja juu ya mwingine, ukingo kwa ukingo, unaangalia mwanga. Ukiona mwanga unapita, unaranda tena. Mzee alikuwa anainama, anafumba jicho moja, anasema "jua linapita", na mimi naanza upya.

Miguu na ile fremu ya kuizunguka chini tuliunganisha kwa ulimi na tundu. Ubao unaochongwa ulimi unagawa unene wake mara tatu, ule wa katikati ndio ulimi. Ubao wetu ulikuwa inchi moja na nusu, kwa hiyo ulimi nusu inchi, na tundu unalichimba kwa patasi ya nusu inchi, upana uleule wa patasi, usiongeze. Mimi mguu wa kwanza niliongeza. Tundu likawa pana, ulimi ukacheza ndani kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikasema tutajaza gundi. Mzee aliuchukua ule mguu, akauangalia, akauweka kwenye kuni. Sikuongea naye mpaka jioni. Mguu wa pili nilichimba siku nzima, na ulimi ukaingia kwa kugongwa na kiganja, ukakaa.

Vibano vya kubania mbao wakati gundi inakauka hatukuwa navyo. Tulikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa kamba ndefu, tukaizungusha na kuivuta. Pale penye nguvu zaidi tulifunga kamba, tukapitisha kijiti katikati na kukisokota mpaka kamba inalia. Halafu unapima kona kwa kona. Kama vipimo viwili vinalingana, fremu iko sawa. Yetu ilipishana nusu inchi, tukaisukuma kwa goti.

Tulikuwa tumebakiza kufunga uso wa meza kwenye fremu, na vanishi, ndipo Mzee akaniambia amejiandikisha kurudi. Basi lao ni Alhamisi.

Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema mkewe ameshafunga mizigo, sasa uhakika wa nini tena. Kisha akaniambia anauza vitu vyake, maana hawezi kubeba vyote na kule anahitaji pesa za kuanzia. Randa anauza shilingi 30,000. Nilikuwa nimeweka akiba ya posho ya miezi, ya kununua vanishi na msasa, na ilikuwa karibu pesa hiyo hiyo. Nikampa yote. Nilitamani kusema niliinunua kwa ajili ya kumsaidia. Ukweli ni kwamba niliitaka ile randa. Mpini wake ulikuwa umelainika kwa mkono wake, na mimi nilishaanza kuuzoea.

Jumatano usiku alinielekeza mara ya mwisho. "Uso wa meza usiupige misumari. Ubao hata ukikauka bado unapumua. Mvua ikija unatanuka kwenda pembeni, kiangazi unarudi. Ukiubana, utapasuka. Chonga vikono vidogo, vifunge kwenye uso kwa chini, na kichwa cha kikono kiingie kwenye mfereji uliochonga ndani ya fremu. Meza itashika, lakini itakuwa na nafasi ya kutembea." Nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee.

Alhamisi nilikwenda kumsindikiza. Kulikuwa na watu wengi na magodoro. Aliniona, akapandisha mkono, basi likaondoka.

Jumapili nikapiga misumari.

Najua. Lakini nyumbani walikuwa wanangoja, kuchonga vikono vinane kungechukua wiki, na msumari wa inchi tatu ni dakika moja. Nilipiga misumari 14. Jioni ile tulikula mezani wote, juu ya ndoo na madumu na viti viwili vya kuazima. Ulikuwa ugali na maharagwe, kidogo. Watoto walikuwa wanaangaliana tu na kucheka, kama wageni. Mama hakukaa mpaka sisi tumeanza. Halafu akakaa, na sahani yake nikaiona kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, jinsi alivyojipakulia. Niliinuka nikampunguzia yangu. Kaka yangu naye. Hakuna aliyesema kitu.

Baba alikula mlangoni, juu ya ndoo yake. Tulidhani atazoea. Zilipita wiki, ikapita Krismasi, masika yakaja yakaisha, na Baba bado yuko mlangoni. Tuliacha kumwita.

Kwa kuwa vanishi haikununuliwa, Mama aliwahi kutaka kuipaka meza mawese yote ilainike. Nilimkataza. Mawese hayakauki vizuri kwenye ubao, yananata, yanavuta vumbi na sisimizi. Kumbukeni hilo kwa yatakayofuata.

Julai 2024, kiangazi kimekaza, usiku wa manane kukasikika mlio. Paa! Mlio mmoja mkavu ndani ya nyumba. Wote tuliamka. Nilipowasha tochi ya simu nilimwona Baba amesimama mlangoni, amembeba yule mdogo kwenye mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye komeo. Alikuwa amevaa viatu. Mpaka leo sijui alivivaa saa ngapi.

Ilikuwa meza. Uso umepasuka kwa urefu, pale kwenye ubao wa pili, nafasi ya kuingiza kidole. Misumari yangu 14 ilikuwa imeubana, na ubao ulikuwa unataka kurudi.

Baba akamweka mtoto chini. Akakaa kwenye dumu, kando ya meza, kwa mara ya kwanza. Akasema polepole kwamba siku ile kule Baraka walisikia mlio wakiwa mezani, na yeye ndiye aliyesema kaeni, ni mbali, maliza kwanza kula. Basi. Hakuendelea, na Mama akamletea maji.

Asubuhi nilimtumia Mzee sauti kwenye WhatsApp, huko Makamba. Alijibu mchana. Alicheka kwanza sekunde nyingi sana, nilizilipia bando. "Nilikwambia nini?" Kisha akaeleza. Ng'oa misumari yote, chonga vikono, funga upya. Ufa wenyewe, akasema, ubandike kipande chembamba cha ubao, au uuache.

Nilikuwa nang'oa misumari Baba akaja na kijiko cha pamba chakavu aliyoitoa kwenye godoro, na kikombe cha mawese. Akaniomba patasi butu. Akaisokota pamba kama utambi mrefu, akailoweka, akaanza kuishindilia ndani ya ufa kwa patasi na nyundo, taratibu, inchi kwa inchi, sikio lake karibu na ubao kama anayesikiliza. Nikamuuliza anafanya nini. "Nakalafati," akasema. "Mtumbwi ukipasuka unautupa?"

Nilikuwa na miaka 24 na sikujua kwamba Baba aliwahi kutengeneza mitumbwi. Tulijua alikuwa mvuvi. Kumbe kabla ya kuvua alikaa miaka minne kwa mjomba wake akikalafati. Nilimweleza kuhusu mawese, kwamba hayakauki, yatanata. Akasema kwenye maji hayakuwahi kumsumbua. Nikanyamaza nikamshikia taa.

Mvua zilipokuja ubao ulitanuka, ufa ukabana pamba, mawese yakapanda juu yakachafua ubao pande zote mbili. Ndio ule mstari. Baba aliikata pamba iliyochomoza kwa wembe, akapafuta. Sisimizi walikuja, kama nilivyosema. Lakini vikono vinatembea vizuri, na kiangazi cha mwaka huu hapakulia kitu.

Anakula mezani sasa. Amechagua upande unaotazama mlango, na hakuna anayekaa pale hata akichelewa.

Meza inacheza kidogo kwa sababu sakafu yetu ni udongo, mguu mmoja nimeuwekea jiwe bapa, msinicheke. Kilichobaki ni mabenchi mawili, maana ndoo zinahitajika kwa maji na watu wanainuka kula kabla hawajamaliza. Mbao za miguu ninazo. Randa ya Mzee jino lake limeisha, nimelinoa mpaka limekuwa fupi. Hatuwezi kwenda mjini bila kibali, kwa hiyo kama kuna mtu humu anajua wapi ndani ya kambi naweza kupata jino la randa la inchi 2, hata lililotumika, naomba aniambie. Nitalipa mwisho wa mwezi.